Nakala ya Lady Agnew kwa ukuta wa Kisumu: nani aichore, na uso wa mama uwekwe wapi?

Swali: Ninaendesha nyumba ya wageni mtaa wa Milimani hapa Kisumu, na ningependa kutundika sebuleni nakala ya picha ya Lady Agnew of Lochnaw iliyochorwa na John Singer Sargent. Nataka iwe imechorwa kwa mkono, kwa rangi za mafuta, na kwa ukubwa wa ile ya asili. Muuzaji mmoja wa mtandaoni ananiahidi kuikamilisha kwa siku tano kwa shilingi 9,000. Mchoraji wa Nakuru anataka shilingi 70,000 na muda wa miezi minne. Tofauti hii inatokana na nini? Na je, inafaa nimwombe mchoraji aweke uso wa mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, mahali pa uso wa Lady Agnew? Ukuta wenyewe unatazamana na dirisha kubwa la upande wa ziwa.

Jibu: Dada yangu, mpe kazi mchoraji wa Nakuru, lakini badilisha kile unachomwagiza. Mwagize nakala iliyo ndogo kidogo kuliko picha ya asili, fedha zako nyingi ziende kwenye kichwa na mikono badala ya upana wa kanvasi, na mama yako achorewe picha yake mwenyewe badala ya uso wake kupandikizwa kwenye mabega ya mwanamke mwingine. Huyo wa siku tano usimtumie hata shilingi ya kwanza. Sababu zangu karibu zote zinatokana na namna picha hii ilivyochorwa na namna mafuta yanavyokauka, kwa hiyo itanibidi nianzie huko.

Sargent alikuwa Mmarekani aliyezaliwa Florence mwaka 1856 na kufariki London mwaka 1925. Mwaka 1884 alionyesha Paris picha ya Virginie Gautreau, bibi maarufu wa mji huo, ile inayojulikana kama Madame X, nayo ikazua kashfa kubwa kiasi kwamba baadaye alihamia Uingereza kutafuta wateja. Alimchora Gertrude Agnew, ndiye huyo Lady Agnew, mwaka 1892, na picha ilipotundikwa kwenye maonyesho ya Royal Academy mwaka 1893 ilimpa jina ambalo halikushuka tena, huku bibi mwenyewe akigeuka kuwa mtu anayetajwa kila mahali mjini London. Ni rangi za mafuta juu ya kanvasi yenye kimo cha sentimita 127 na upana wa sentimita 101, nayo imo katika makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Edinburgh, yaliyoinunua mwaka 1925. Unamwona bibi ameegemea kiti cha Kifaransa chenye kitambaa cha maua, gauni lake ni jeupe, kiunoni ana mshipi mpana wa rangi ya zambarau iliyopauka, na nyuma yake imening'inia hariri ya Kichina ya rangi iliyo kati ya buluu na kijani. Anamtazama mtu moja kwa moja, kichwa kimeinama kidogo, na mtazamo huo ndio unaokufanya utake kuishi na picha hii sebuleni.

Inasemekana kazi nzima ilichukua vikao sita tu. Hapo ndipo wateja wengi hukosea hesabu: wanadhani kilichochorwa upesi kinaweza kunakiliwa upesi. Sargent alifunzwa Paris na Carolus-Duran, ambaye aliwataka wanafunzi wake waanze na rangi zilizo baina ya mwanga na kivuli, wazipange sawasawa usoni kwa brashi iliyojaa rangi, kisha ndipo waongeze kivuli kizito upande mmoja na mwanga mkali upande mwingine. Mwaka 1879 alikwenda Madrid kunakili kazi za Velázquez, mchoraji Mhispania wa karne ya 17, katika makumbusho ya Prado, na mwaka 1880 akaenda Haarlem, Uholanzi, kunakili za Frans Hals, Mholanzi wa karne hiyohiyo. Kwa hiyo mtu unayetaka anakiliwe alijifunza kwa kunakili, na wala hakuna aibu yoyote katika kazi hii inapofanywa kwa unyofu. Alipochora alikuwa akiweka stendi ya kanvasi kando ya mtu anayechorwa, kisha anarudi nyuma hatua kadhaa, anavitazama vyote viwili kwa pamoja, anasogea mbele, anaweka mguso mmoja, anarudi tena nyuma. Kichwa kilipomkatalia hakukirekebisha kidogo kidogo; alikikwangua chote na kuanza upya. Ndiyo maana uso wa Lady Agnew unaonekana kama umepumuliwa tu juu ya kanvasi. Kila mguso pale ni uamuzi uliofanywa mara moja na kuachwa.

Mwenye kunakili hufanya kinyume cha hayo bila kutaka. Anafuata mstari, anahofia kukosea, na kila anapohofia anapiga brashi mara tatu mahali palipohitaji mara moja. Ukitaka kujua kama nakala ni nzuri, acha kuangalia mkufu, maua ya kiti au mikunjo ya gauni, kwa kuwa hayo hata mchoraji wa kawaida huyapata akiwa na subira. Angalia kingo. Tazama pale nywele zinapokutana na hariri ya nyuma: katika asili kuna sehemu ambapo ukingo ni mkali na sehemu ambapo unayeyuka kabisa, nywele na hariri vikawa karibu kitu kimoja. Teremka kwenye taya, utazame namna shavu linavyogeuka kuelekea shingoni bila mstari wowote, kwa badiliko dogo tu kutoka rangi ya joto (yenye wekundu au manjano) hadi rangi baridi (yenye samawati). Kisha tazama pembe za mdomo, ambazo ndizo hubeba ile hali yake ya uchovu na ujasiri kwa pamoja. Zikizidishwa giza kidogo tu, bibi anakuwa anatabasamu kwa dharau, na zikilainishwa mno, anakuwa mwanasesere. Malizia kwa mkono ulioshika kiti pembeni, ambao Sargent aliuchora kwa miguso michache sana. Katika nakala nyingi za bei ndogo kingo zote zina ukali uleule kuanzia unyweleni hadi kwenye mguu wa kiti, na kwa sababu hiyo picha nzima inakufa hata kama kila kitu kimewekwa mahali pake.

Sasa tumrudie muuzaji wa siku tano. Mafuta ya kitani, yale yanayouzwa madukani kama linsidi, hayakauki kama maji yanavyokauka. Hayaondoki, yanabaki pale pale, yanavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu. Rangi ya amba, ile kahawia ya udongo, kwa kuwa ina manganizi ndani yake, huweza kushikika baada ya siku moja au mbili. Nyeupe iliyopakwa nene, na gauni hili ni nyeupe tupu, huhitaji wiki kadhaa. Mchoraji mwenye mkono mwepesi anaweza kweli kuchora picha ndani ya siku tano, lakini siku ya sita haiwezi kuviringishwa, kufungwa karatasi na kutiwa kwenye basi. Akikuletea picha kavu yenye ukubwa huo kwa muda huo, basi amechora kwa akriliki, ambayo hukauka kwa saa chache, au hakuchora kabisa.

Hilo la pili ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi. Picha huchapishwa kwa printa ya wino juu ya kanvasi, halafu mtu anapaka juu yake jeli nzito isiyo na rangi kwa brashi ngumu ili ukipitisha kidole uhisi mabonde na matuta. Kulitambua si kazi ngumu. Washa tochi ya simu, iweke kando kabisa ya picha ili mwanga uteleze juu ya uso wake, kisha uone matuta yanaelekea wapi. Katika uchoraji wa kweli matuta hufuata umbo: yanazunguka na shavu, yanateremka na mkunjo wa gauni, yanakatika pale rangi moja inapoishia. Katika picha iliyochapishwa yanapita ovyo juu ya jicho na pua na pazia, kana kwamba mpakaji hakujua chini kuna nini. Kisha chukua kioo cha kukuza utazame weupe wa jicho. Ukiona vidoti vidogo vya samawati, manjano na wekundu vilivyotawanyika sawasawa, hiyo ni kazi ya printa. Sina ugomvi na picha iliyochapishwa inapouzwa kwa jina lake. Ubaya ni kuiuza kwa jina la kazi ya mkono.

Kwa haki niseme kwamba bei ndogo peke yake haithibitishi udanganyifu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya nakala za mafuta zilizouzwa duniani ilitoka Dafen, kijiji cha wachoraji kilichomo ndani ya jiji la Shenzhen nchini China, ambako biashara hiyo ilianza mwaka 1989, wakati mfanyabiashara kutoka Hong Kong alipofungua karakana yake ya kwanza pale. Ni wachoraji wa kweli wanaoshika brashi za kweli. Hata hivyo wengi hurudia picha zilezile mamia ya mara, na katika maagizo makubwa mmoja anaweza kuchora mandhari ya nyuma na mwingine nguo. Mtindo huo unafaa kwa alizeti na mandhari ya bahari. Kwa picha ya mtu ambayo thamani yake yote imo katika mtazamo mmoja, kazi iliyogawanywa hivyo huonekana usoni.

Kabla mchoraji wako hajaanza, muulize anachora kutoka picha gani. Swali hili wateja hawaliulizi, nami naliona zito kuliko swali la bei. Picha za Lady Agnew zilizomo mtandaoni hutofautiana kiasi kwamba katika moja hariri ni ya kijani na katika nyingine ni ya samawati, mshipi mara una wekundu, mara una ukijivu. Afadhali atumie ile iliyotolewa na makumbusho yenyewe, yenye ukubwa wa kutosha kuona alama za brashi, na aitazame kwenye skrini iliyorekebishwa rangi, si kwenye simu. Mfano mzuri wa hatari hii ni The Blue Boy, picha ya kijana mwenye nguo za buluu iliyochorwa na Mwingereza Thomas Gainsborough katika karne ya 18, iliyoko kwenye makumbusho ya Huntington huko California. Kati ya mwaka 2018 na 2020 picha hiyo ilifanyiwa matengenezo, vanishi kuukuu iliyogeuka manjano ikaondolewa, na buluu ya nguo ya kijana yule ikajitokeza upya. Anayenakili leo kutoka picha ya zamani ya The Blue Boy ananakili uchafu wa vanishi pamoja na kazi ya Gainsborough, bila kujua kipi ni kipi. Kwa Joshua Reynolds, mchoraji mwingine Mwingereza wa wakati huohuo, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa alitumia wekundu uliokuwa ukififia upesi, na nyuso kadhaa alizozichora zilipauka yeye mwenyewe angali hai. Anayemnakili Reynolds lazima aamue kama anachora uso uliopo sasa au ule uliokuwapo. Hata Madame X ina sura mbili: ilipoonyeshwa mwaka 1884 kamba moja ya gauni ilikuwa imeteleza kutoka begani, na baada ya lawama Sargent akaichora upya ikiwa imekaa mahali pake. Kwa bahati, Lady Agnew haina utata wa namna hiyo, ila rangi ya hariri na ya mshipi mkubaliane mapema, kwa macho, mkiwa na picha ileile mbele yenu.

Nimefika kwenye uso wa mama yako, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ninaelewa upendo ulio nyuma ya ombi hilo na sitaki uutumie vibaya. Wauzaji wengi watakubali mara moja. Watachukua picha ya simu, watakata kichwa, watakipachika juu ya shingo ya Lady Agnew kwa kompyuta, kisha watachora kilichotokea. Matokeo yake hayapendezi, na sababu zinaonekana. Mwanga wa picha ya simu, hasa yenye flashi, unatoka mbele kabisa na kufuta vivuli vyote, wakati mwanga wa Sargent una upande wake. Simu iliyoshikwa karibu hukuza pua na kupunguza masikio. Shingo ya bibi aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu haiwezi kubeba kichwa cha mwanamke wa miaka 74 aliyekaa kwa namna yake mwenyewe, wala mikono yake haiwezi kuwa mikono ya mama yako. Mikono ya mtu mzima husimulia maisha yake kama uso unavyosimulia, na ungekuwa umeilipia pesa nyingi ili ifutwe.

Zaidi ya hayo, rangi nzima ya picha ile ilipangwa kwa ajili ya ngozi ile. Weupe wa gauni, hariri ya samawati na uso wenye weupe wa waridi vimepimwa kwa pamoja, kila kimoja kikitegemea kingine. Ukiweka hapo ngozi nyeusi ya kupendeza bila kubadilisha vingine, uso utaonekana kama kivuli juu ya gauni linalong'aa, na mchoraji asiye mzoefu atajaribu kuuokoa kwa kuongeza nyeupe. Hapo ndipo ngozi hupauka na kuwa ya kijivu. Ngozi yetu haichorwi kwa nyeusi na nyeupe. Mwanga wa dirisha unapogusa kipaji cha uso na mfupa wa shavu huleta rangi baridi, karibu samawati. Kati ya mwanga na kivuli kuna kahawia yenye joto na wekundu. Na ndani ya kivuli chenyewe mara nyingi kuna ukijani mzito unaotokana na nguo au ukuta ulio karibu. Mchoraji anayeyajua haya ataweka ngozi dhidi ya mandhari yenye giza la wastani ili uso uwe ndio mahali penye mwanga kuliko pote.

Mwombe mchoraji wako akuonyeshe kama amewahi kujifunza kutoka kwa picha hizi tatu. Ya kwanza ni Juan de Pareja ya Velázquez, iliyochorwa Roma mwaka 1650 na sasa iko Metropolitan Museum of Art, New York. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez, akaandikiwa hati ya uhuru mwaka huohuo, ambayo ilianza kutumika miaka minne baadaye, kisha akawa mchoraji kwa haki yake mwenyewe. Tazama shavu lake linavyong'aa juu ya kola nyeupe, mandhari ya nyuma ikiwa ya kijivu-kijani iliyotulia. Ya pili ni Ignatius Sancho, mwandishi na mtunzi wa muziki Mwafrika aliyeishi London, aliyechorwa na Gainsborough mjini Bath mwaka 1768. Picha iko Ottawa, Kanada, na kizibao chake chekundu chenye mapambo ya dhahabu ndicho kinachoipa ngozi joto lake. Ya tatu ni ya Sargent mwenyewe. Katika miaka yake ya mwisho alimchora Thomas McKeller, kijana mweusi aliyekuwa mwendesha lifti katika hoteli ya Boston, ambaye mwili wake aliutumia kama kielelezo cha miungu ya Kigiriki kwenye michoro ya ukutani ya makumbusho ya jiji hilo. Picha ya mafuta ya McKeller imo katika makumbusho hayohayo, na inathibitisha kwamba Sargent alijua vizuri namna ya kuchora ngozi nyeusi, ijapokuwa wateja waliomlipa hawakumpa nafasi ya kufanya hivyo. Sipendi kulipita jambo hilo kimyakimya ninapowasaidia watu kununua nakala za picha za matajiri wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mama achorwe kwa ukamilifu, akiazima kutoka kwa Lady Agnew mpangilio tu: kiti kilichogeuzwa kidogo, mwili umeegemea, kichwa kinamkabili mtazamaji, kitambaa kimoja kimening'inia nyuma. Ikiwa ana gomesi, kama walivyo nalo akina mama wengi wa Busia na sehemu nyingine za mpakani, basi avae hilo. Sioni vazi la hapa kwetu linalofaa zaidi mtindo huu wa uchoraji. Satini yake inashika mwanga kwa mistari mipana, mabega yake yaliyosimama yanaipa picha umbo, na mshipi wake mpana kiunoni unafanya kazi ileile inayofanywa na mshipi wa zambarau kwa Sargent. Mpige picha saa tatu au saa nne asubuhi, ameketi hatua moja na nusu kutoka dirishani, taa za ndani zimezimwa, simu ikiwa mbali naye angalau mita mbili na nusu na imeinuliwa hadi usawa wa macho yake. Piga nyingi, na piga mikono peke yake. Kama anaweza kusafiri hadi Nakuru kwa kikao hata kimoja, au mchoraji anaweza kuja Kisumu siku moja, mlipe nauli bila kusita, maana saa mbili za kumtazama mtu hai zitampa rangi ambazo simu haizioni.

Kuhusu sheria, huna la kuhofia. Kenya hulinda kazi ya sanaa kwa uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, na Uingereza ni miaka 70. Sargent alifariki mwaka 1925. Kinachobaki ni uaminifu. Makumbusho ya Louvre, ambayo yamekuwa yakiwaruhusu wachoraji kunakili ndani ya kumbi zake tangu mwaka 1793, yanataka nakala iwe kubwa au ndogo kuliko asili kwa sehemu moja ya tano, na hayaruhusu saini ya msanii kunakiliwa. Fuata kanuni hiyohiyo. Sehemu moja ya tano kutoka vipimo vya Lady Agnew inakupa karibu sentimita 102 kwa 81, ambazo zinatosha kabisa ukuta wa sebule. Eneo la kuchora linapungua kwa zaidi ya theluthi moja, na muda huo wote mchoraji anaweza kuurudisha kwenye kichwa. Usikubali kushuka zaidi ya hapo, kwa sababu uso ukiwa mdogo sana brashi inakuwa kubwa kuliko jicho na mguso wa Sargent hauwezekani tena.

Ukuta wako unanitia wasiwasi kuliko sheria. Dirisha la upande wa ziwa litamwaga mwanga mkali juu ya picha kila siku, na rangi itakayoumia kwanza ni zambarau ya mshipi. Wachoraji wengi huipata kwa kuchanganya buluu na wekundu wa alizarini, na alizarini hufifia; baada ya miaka kadhaa utabaki na mshipi wa samawati iliyopauka. Kila tyubu ya rangi nzuri huandikwa msimbo wa pigimenti, yaani ule unga unaoipa rangi yake. Mwambie mchoraji asitumie PR83, ambayo ndiyo alizarini, atumie PV19 mahali pake. Kwa nyeupe, achague PW6, yaani titani, na aepuke PW4, zinki, ambayo ndani ya mafuta hugeuka kuwa rahisi kupasuka. Kama inawezekana, itundike kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha, si ule unaolikabili. Wala usiifiche gizani kwa kuihurumia, maana mafuta ya kitani yakiwekwa gizani hugeuka manjano, na mwanga wa kawaida wa chumba ndio unaoyaweka safi.

Unyevu wa ziwa nao hulegeza na kukaza kanvasi kila msimu. Kitani ni bora, lakini marekani nzito iliyofungwa vizuri na kupakwa jeso, ule mpako mweupe wa kutayarisha kanvasi, mara tatu, ikipigwa msasa kila baada ya mpako, itakufaa pia na itakupunguzia gharama. Fremu ya ndani iwe na kabari kwenye pembe zake nne ili kanvasi iweze kukazwa upya ikilegea, na mgongo wa picha ufunikwe kwa ubao mwembamba usioziba kabisa hewa. Fremu ya nje unaweza kuitengenezea hapo hapo sokoni Kibuye kwa mafundi wa samani, ila hakikisha mbao ni kavu, kwani mbao mbichi itajikunja ndani ya mwaka mmoja na kuvuta kanvasi pamoja nayo. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya picha na ukuta.

Malipo yagawanye mara tatu. Theluthi ya kwanza itolewe mchoraji anapoanza, na kazi yake ya kwanza iwe kichwa peke yake, kilichochorwa kwenye kipande kidogo cha kanvasi. Ukikipenda mnaendelea, usipokipenda mnaachana bila uadui. Theluthi ya pili itolewe picha kubwa ikiwa imefunikwa yote kwa rangi za kwanza, na hapo uende Nakuru mwenyewe uione mchana, kwa tochi na kwa macho, badala ya kutumiwa picha kwa WhatsApp. Wakati huo mwombe aigeuze juu chini, kwa kuwa makosa ya umbo hujitokeza haraka zaidi macho yanapokosa uso wa kuzoea. Ya mwisho itolewe picha ikiwa mikononi mwako. Isisafirishwe imeviringishwa, ije ikiwa imewambwa, ndani ya sanduku la mbao, upande wa rangi usiguswe na karatasi wala nailoni. Vanishi ya mwisho ingoje miezi sita hadi mwaka mmoja, na gharama yake iandikwe kwenye makubaliano tangu sasa, kwa sababu wakati huo ukifika ni rahisi kila mmoja kusahau. Nyuma ya ubao kuwe na maandishi ya wino usiofutika: jina la mchoraji, mwaka, kwamba ni nakala ya kazi ya Sargent ya mwaka 1892 au ni picha ya mama yako iliyochorwa kwa kufuata mpangilio wake, pamoja na misimbo ya rangi zilizotumika, ili siku ikihitaji matengenezo fundi ajue anashughulika na nini.